Binamu yangu aniita mzigo kwenye gemu, na mimi raha yangu ni kuvua tu

Salaam aleikum Shangazi, na shikamoo. Sijawahi kuandika huku, huwa nasoma za wenzangu nikicheka peke yangu, leo zamu yangu nichekwe mimi.

Mimi ni kijana wa miaka 26, wa Langoni, Lamu. Kazi yangu mashua, napeleka wageni Manda Toto kuogelea na kula samaki wa kuchoma, hiyo ni wakati wa kaskazi, kusi ikianza bahari yachafuka na wageni nao wapotea basi ni kukaa barazani na kushona tanga. Sasa huko kukaa ndo kulikoniingiza kwenye hili jambo. Nacheza gemu ya onlaini, zile unakua na mtu wako mle ndani mnakutana na maelfu ya watu wengine wa dunia nzima, yaitwa Old School RuneScape, na naicheza kwa simu hii hii yenye kioo kimepasuka.

Alonivuta ni binamu yangu, mtoto wa shangazi (shangazi wa kweli, si wewe, samahani), yuko Malindi. Ana digrii yake lakini kazi hajapata, mwaka wa tatu sasa yuko duka la hadwea la mjombake akiuza misumari. Tulianza mimi na yeye na rafiki yetu mmoja tuliosoma nae ambae yuko Doha kwa kazi ya hoteli, alafu tukapata wawili wa nje, mmoja wa Indonesia na dada mmoja wa Poland, nesi, hucheza akitoka zamu ya usiku. Kiingereza chetu sote cha kuungaunga kwahivo hakuna anaemcheka mwenzake.

Na katika yote yaliyomo mle ndani Shangazi, mapango, majoka, kufua silaha, kuporana, mimi ninachopenda ni kuvua samaki. Najua. Kamba unawatega kwa dema, papa kwa chusa, unasimama pale mtu wako avua mwenyewe na nyinyi mwapiga soga. Basi, ni hivo tu. Babangu ni mvuvi tangu sijazaliwa, siku moja akachungulia simu akaona kijitu kimesimama ufuoni na dema lake, akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Bahari iko nde hapo, wewe wateza kuvua simuni?" Akenda akaihadithia baraza nzima na tangu siku ile naitwa nahodha wa simu.

Nikwambie kitu kimoja ujue kwamba si upuuzi. Mwaka jana mamake huyu wa Doha alifariki hapa Lamu na kule kazini hawakumpa ruhusa ya kuja. Sie tukazika, nikabeba jeneza kwa niaba yake. Usiku nikafungua gemu nikamkuta yuko pale ufuoni tunapovulia, amesimama tu, havui. Binamu akaja. Baadae yule wa Indonesia na dada wa Poland nao wakaja, walikua washaambiwa. Hakuna aliesema la maana, tukakaa pale mpaka kule kwake wakaadhini alfajiri, akaandika "naenda kuswali" akatoka.

Basi shida yenyewe ni hii. Miezi sita sasa binamu ameingiwa na reidi. Kuna moja yaitwa Chambers of Xeric, mwaingia kundi, chumba baada ya chumba, mwisho kuna joka, Great Olm. Ataka kila usiku twende. Mimi nilikua naenda kwa ajili yake tu. Nyumba yetu ni zile za mawe za zamani kuta zake nene kama ngome, netwaki yaingia kwa kuombewa dua, na juzi nikafa mara tatu mbele ya Olm. Akaandika kwenye chati mbele ya wote, "we ni mzigo". Kwa Kiswahili. Dada wa Poland akauliza mzigo ni nini, na akamtafsiria!

Sasa ataka ninunue bondi, zile hati za kulipia uanachama wa gemu, kwa hela za kweli, niziuze mle ndani nipate dhahabu ya silaha nzuri ati nisiwaangushe. Mimi uanachama wangu nalipia kwa bondi ninayonunua kwa dhahabu ya samaki wangu mwenyewe, sijatoa hata shilingi, na hii ni kusi, shilingi yenyewe iko wapi. Nikifungua gemu sasa moyo wanienda mbio kama naenda kudaiwa. Nimeanza kusema bando limeisha na halijaisha.

Mwezi ujao dadake binamu aolewa huko Malindi na lazima niende, tutakula sinia moja. Nijitoe kwenye klani, hili kundi letu la gemu, kabla ya harusi yaishe? Na je, mimi nina kasoro? Manake kila nikisoma, watu wasema raha ya hizi gemu ni mabosi na reidi, na mimi raha yangu ni ile sehemu wengine waiita kazi.

Nahodha wa Simu, Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Sijakucheka. Uongo, nimekucheka pale kwa babako, lakini nimekucheka kama mtu alie ndani ya chombo kimoja na wewe, na leo nitatoa siri ambayo wasomaji wangu wa mambo ya ndoa na mawifi hawaijui.

Mwaka 2007 mimi nlikua msichana wa hapa Malindi, nimemaliza fomu foo, sina kazi sina mchumba, na karibu na sokoni kulikua na saiba ya shilingi moja kwa dakika. Nlikua naaga nyumbani naenda kuandika barua za kuomba kazi. Nusu saa barua, nusu saa RuneScape. Nlikua nakata miti kule Draynor, kijiji cha mle ndani, nyuma ya benki, nakata tu, kwa sababu hapo ndo watu walikua wanasimama kupiga porojo, na mimi nlipenda porojo, kama mwonavyo hii safu haijaanza leo. Siku moja akaja mtu akaniambia nimpe vazi langu la rune alirembe ukingo kwa dhahabu, bure, anirudishie. Nikampa. Mwanangu, mpaka leo sijaliona. Nlilia pale kwenye saiba mpaka mwenye duka akanirudishia shilingi kumi akidhani nimeandikiwa kwamba kazi nimekosa.

Kwahivo nakuelewa vizuri sana, na pia nimekusoma barua yako mara mbili, na mara ya pili kuna kitu nimekiona ambacho nafikiri wewe mwenyewe ulikiandika ukakipita. Ule usiku wa matanga. Umesema "binamu akaja". Maneno mawili tu. Huyu huyu wa kutaka reidi kila usiku, huyu wa kuhesabu pointi, alikaa ufuoni mpaka alfajiri hapati pointi hata moja wala hapandi leveli, kwa sababu ya mtu. Hilo liweke mfukoni, tutalirudia.

Sasa hilo swali la kasoro. Watu wameliuliza zamani sana, kabla hujazaliwa. Mwaka 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, vijana wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza mojawapo ya gemu za kwanza za namna hii, waliita MUD, na haikua na picha hata moja, maandishi matupu, yaani unaandika nenda kaskazini nayo yakwambia umefika kwenye pango. Na watu wakaganda nayo. Miaka ikapita, wachezaji wakawa wanabishana wao kwa wao hivi sisi twafuata nini humu, na Bartle akayakusanya yale mabishano, 1996 akatoa makala. Akasema watu ni wa aina nne, na kwa raha yangu mimi akawapa majina ya karata. Uru ni wale wa kutafuta mali na leveli. Shupaza wachimbaji, wataka kujua kila kona ya ile dunia ina nini na kitu gani chafanyaje kazi. Pau ni wale wa kupiga wenzao, raha yake ni wewe ulie. Na kopa, kopa ni wale ambao gemu kwao ni mahali pa kukutana na watu, samaki ni kisingizio.

Wewe ni kopa mwanangu, tena kopa ree! Binamu ni uru. Na alienichukulia vazi langu tuseme ni pau, tumsamehe.

Hapo mtu aweza kusema basi yameisha, kopa na uru hawakai meza moja, kila mtu akatafute wenzake. Mimi sikubaliani, na si mimi peke yangu. Mtafiti mmoja wa hizi gemu, Nick Yee, aliwauliza wachezaji kama 3,000, matokeo yake yakatoka 2006, na akaona yale mafungu hayafukuzani. Mtu aweza kupenda mafanikio na akapenda watu vile vile, kupenda moja hakupunguzi lingine. Ukitaka ushahidi usiende mbali, una ule usiku wa matanga.

Ngoja nimtetee binamu kidogo, usinikasirikie. Wewe waona leveli ni namba tu. Yeye hebu mwangalie alipo. Kijana ana digrii, mwaka wa tatu apima misumari kwa kilo, kila akituma maombi hajibiwi hata "pole". Alafu kuna mahali ambapo ukifanya kitu, namba yapanda. Hapo hapo. Leveli ya pili wahitaji pointi 83 tu, dakika chache umepata na fataki zapigwa juu ya kichwa chako. Alafu yaanza kua ngumu polepole bila wewe kuona, mpaka leveli 99 ambayo ni pointi 13,034,431, na ile hesabu ilivyo ya ajabu, ukifika 92 wajiona ushaingia bandarini kumbe ndo uko nusu ya safari. Lakini hata ikiwa mbali vipi, yajulikana. Hakuna anaekupigia simu kukwambia nafasi ilishachukuliwa na mtoto wa fulani. Sijui kama binamu yako mwenyewe ameliwaza hivi, wanaume hawawazi hivi mpaka wafikishe 40, lakini mimi ningekua mahali pake hata mimi ningeganda.

Na kuna ile ya bahati. Nyangumi huyo ndo humeza vijana wengi. Silaha kama abyssal whip, nafasi ya kuipata ni moja kwa 512 kila ukiua yule jini wake. Watu hudhani nikiua 512 ni lazima nipate. Wala! Ukichukua watu mia, kila mmoja akaua 512, kama 37 hivi watarudi mikono mitupu. Babako angekielewa hiki kitu kuliko sisi sote, maana ndo kazi yake, kila siku watega, siku moja wapata changu wa kujaza kapu siku nyingine chombo chanuka mafuta tu, na kesho unarudi kwa sababu ya ile moja. Mvuvi ambae angejua kila asubuhi atapata kilo ngapi sidhani kama angeamka.

Lakini hili la mzigo. Kwanza nikwambie ukweli ambao utauma, kwa hesabu ya mle ndani hakukosea. Chambers of Xeric mkiongezeka watu na maadui nao waongezwa nguvu, na kila ukifa wapoteza asilimia 40 ya pointi zako, na zawadi kubwa yatolewa kwa kuangalia pointi za kundi lote. Kwahivo ukifa mara tatu si wewe peke yako, umewapunguzia na wenzio bahati. Aliona kitu cha kweli. Alichokosea ni kukisema mbele ya watu, na lile la kumtafsiria dada wa Poland ni uchokozi mtupu, hapo hata mamake hawezi kumtetea.

Na wewe nawe una kosa lako, dogo lakini lipo. Umekua ukienda reidi usiyoitaka, na simu isiyoshika netwaki, ndani ya kuta za mawe ya matumbawe, kimya kimya, ukidhani wafanya wema. Ile gemu yenda kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6, na seva zenyewe nyingi ziko mbali na sisi, Uingereza, Ujerumani, Marekani, Australia. Ukivua, pigo moja likikupita halikudhuru, samaki hajali, ndo maana yachezeka kwa simu kimya kimya hata Langoni. Kwa Olm pigo moja ni maiti. Ungemwambia tangu siku ya kwanza "mimi reidi siipendi na netwaki yangu ni hii", angeudhika siku mbili akatafuta mtu mwingine. Badala yake umemdanganya kwamba wataka, alafu umeanza kudanganya na bando.

Watu wa Lamu nyie ndo mwafaa kutufundisha sisi hili jambo. Hebu nenda pale barazani kwenu usiku uangalie. Wawili wacheza bao. Watatu waangalia na kuharibu kwa kushauri wasioulizwa. Mmoja amelala. Mwingine amekuja kwa sababu ya kahawa tu na hajui bao hata kidogo, na miaka ishirini hakuna aliemwambia we mzee ni mzigo, akikosa siku mbili watu wenda kumbishia hodi nyumbani. Hiyo ni baraza. Sasa chukua watu hao hao siku ya mashindano ya mashua. Hakuna soga. Mtu ana kamba yake, mwingine yuko kwenye usukani, wengine watoka nje ya chombo kwa uzito kukisawazisha, na mmoja akizubaa atatukanwa kwa jina la mama yake na hakuna atakaeona vibaya. Chombo kikitia nanga warudi barazani wakae na yule yule waliemtukana. Hakuna aliewahi kutaka kila usiku uwe mashindano, wala alielala barazani hawezi kudai alale juu ya tanga.

Nyie mmechanganya hizo mbili. Klani yenu ilikua baraza, binamu akaigeuza timu ya mashua bila kuuliza mtu, na nyote mkanyamaza. Usijitoe. Ukijitoa kabla ya harusi utakua umeondoka na fundo na yeye atabaki na fundo, na shangazi yako wa kweli ataligundua kabla biriani haijaiva.

Fanya hivi. Usimwandikie. Hayo maneno yaliandikwa na yakauma kwa sababu ya kuandikwa, sauti hamna uso hamna. Ngojea Malindi, na si siku ya harusi yenyewe, siku moja kabla, wakati wanaume mnapanga viti na kufunga maturubai, mtu akiwa ameshika kamba upande mmoja na wewe upande wa pili mambo magumu hutoka yenyewe. Mwambie lile neno liliniuma. Usiongeze "lakini". Alafu mkumbushe ule usiku wa Doha, mwambie mimi ile gemu naipenda kwa sababu ya usiku ule na wewe ulikuwepo. Nyamaza hapo umwachie yeye.

Alafu mgawane usiku. Reidi siku mbili kwa wiki, wanaotaka na wenye netwaki, na kiti chako achukue mtu mwingine, ile reidi ataingia hata peke yake akitaka, si lazima wewe. Siku zilizobaki ufuoni. Ukijisikia siku moja kwenda reidi kwa hiyari yako, panda juu ya paa au shuka forodhani netwaki ishike, na umwambie akupe kazi moja tu ujifunze hiyo hiyo. Ikiwa siku za ufuoni haji kabisa, basi utakua umejua, na bado una watatu.

Bondi za hela, hapana. Sina maelezo marefu. Mtu amejilipia uanachama kwa samaki aliovua mwenyewe, hata kama ni samaki wa simu, huyo mtu yuko mbali kuliko binamu yake. Hela ya kusi ni ya tanga na unga.

Kuhusu moyo kwenda mbio na kujifanya bando limeisha, hiyo sikuipita. Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake, ulianza kuhesabika rasmi Januari 2022, na wanachoangalia si saa ngapi wacheza, ni kama umeshindwa kujizuia, umeitanguliza mbele ya kila kitu, na waendelea huku yakuharibia maisha, kwa kawaida kwa miezi 12 hivi. Kwa ulivyoandika, wewe sikuoni hapo, wewe waikimbia. Binamu ndo ningemuuliza kwa upole analala saa ngapi na yale maombi ya kazi bado anayatuma. Muulize hukohuko kwenye turubai.

Na usione aibu na sehemu "ya kazi". Hii gemu unayoicheza iko hai kwa sababu ya watu kama wewe. Kampuni ilishaibadilisha, picha nzuri, vita vya kisasa, na watu wakanuna, mpaka 2013 ikaulizwa kura kama irudishwe ile ya zamani ya Agosti 2007, na zaidi ya laki nne wakapiga kura irudi. Ile mbaya! Yenye miti kama mswaki na nyuso kama mihogo. Mimi nlirudi siku za mwanzo na ikabidi nianze sifuri kama kila mtu, na mti wa kwanza kukata nlikua nacheka peke yangu kama mwendawazimu, mume wangu akauliza kuna nini nikamwambia nakata kuni. Na 2023 wachezaji wale wale wakaulizwa waongezewe ujuzi gani mpya, katika yote wangeweza kuchagua, wakachagua ubaharia. Kamuonyeshe babako hilo.

Tena babako huyo mtumie vizuri. Kuna mahali mle ndani paitwa Fishing Trawler, wahitaji leveli 15 tu ya uvuvi kwahivo wewe huna shida, mwapanda meli mkiwa wengi kwenda kuvua na ile meli yavuja. Yavuja kila upande. Kazi yenu ni kuziba matundu na kutoa maji ngamani kabla haijazama, na mkifika salama mwagawana nyavu. Mpeleke binamu huko kabla ya kumpa jibu la reidi yoyote. Yeye atapata kundi na mbio zake, wewe samaki wako, na hapo hata netwaki ya kuta za mawe yatosha.

Ila kabla hamjapanda mwite babako akae karibu aangalie, umwambie matundu twayaziba kwa kalafati ya lami ya kinamasi iliyopikwa na unga. Si pamba na mafuta, unga! Wa ngano! Nataka kujua atasema nini, na akitoka hapo akapitia Matondoni kwa mafundi wa majahazi akawahadithia, wao watasema nini. Niandikie.

Shangazi, Malindi